Barua ya wazi kwa wakuu wa vitivo vya uhandisi, wakuu wa idara za hisabati na watunga mitaala: wanafunzi wa umeme wanaangushwa na aljebra

Waheshimiwa,

Nafundisha somo la saketi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa umeme, darasani na maabara, na nimeamua kuwaandikia hadharani baada ya barua zangu mbili za kawaida kujibiwa kwa adabu na kisha kulala kwenye majalada. Sina ugomvi na yeyote kati yenu. Ninalo jambo moja, nalo ni kwamba kijana anayetaka kusomea umeme huambiwa na kila mtu, kuanzia mwalimu wake hadi mjomba wake, kuwa ajiweke sawa kwenye kalkulasi, ile hisabati ya kasi za mabadiliko. Hujiweka sawa kwenye kalkulasi. Halafu akifika kwetu anaangushwa na aljebra. Kosa hilo si lake. Ni la sisi tunaopanga nini kitangulie na nini kifuate, na ndiyo maana naliweka mbele yenu ninyi wenye mamlaka ya kupanga.

Niruhusuni nianze na karatasi moja ya mtihani ambayo sijaisahau. Swali lilitaka ukinzani wa jumla wa rezista mbili, yaani vifaa vya kuzuia mkondo, zilizounganishwa sambamba, moja ya omu 6 na nyingine ya omu 3. Mwanafunzi aliandika kanuni bila kosa: 1/R = 1/6 + 1/3. Kisha akajumlisha viasi kwa viasi na asili kwa asili, akapata 2/9, akaipindua, akaandika omu 4.5 na kuipigia mistari miwili chini, kama afanyavyo mtu aliyemaliza kazi. Jibu sahihi ni omu 2. Kosa la sehemu linaumiza, lakini iliyoniumiza zaidi ni ile mistari miwili, kwa kuwa mkondo wa umeme ukipewa njia ya pili ya kupitia, kizuizi lazima kipungue, na jibu lolote linalozidi omu 3, yaani rezista iliyo ndogo kati ya hizo mbili, limejikataa lenyewe kabla mwalimu hajalisoma. Ukurasa uliofuata, mwanafunzi huyo huyo alitafuta derivativu, yaani kasi ya kubadilika, ya x kwa kipeo cha nne, akaipata, tena kwa mwandiko mzuri.

Huyo si mzembe wala si mjinga. Sehemu alifundishwa akiwa mtoto, zikiwa za namba tupu, akatafuta KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, kama alivyoelekezwa, akafaulu, na ukurasa ukafungwa. Miaka mingi baadaye sehemu zile zile zilimrudia zikiwa zimevaa herufi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa ndizo zile. Katikati ya hapo alikimbizwa, mada baada ya mada, mpaka kwenye kalkulasi, ambayo ndiyo inayopendeza kwenye cheti na ndiyo inayotajwa kwanza kila panapozungumzwa maandalizi ya uhandisi. Kalkulasi yake, kwa hiyo, imesimama juu ya sakafu yenye matundu, na sisi tunaompokea ndio tunaosikia kishindo.

Wengi wanaofika kwetu wanaifahamu x vizuri sana. Wape mlinganyo wenye x, watauhamisha huku na huku hadi x ibaki peke yake. Ibadilishe x iwe L, weka herufi nyingine mbili tatu kando yake, na kalamu zinasimama. Mfano ninaoutumia kila mwaka ni wa saketi ya kuchagulia masafa, ile ambayo kwenye redio humwezesha msikilizaji kupata stesheni moja na kuziacha nyingine. Masafa yake, f, ni moja gawanya kwa zao la 2π na kipeuo cha pili cha LC, ambapo L ni kipimo cha koili na C ni kipimo cha kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji. Nawaomba watafute L. Wapo wanaokimbilia kuingiza namba kwenye kikokotoo kabla hawajagusa herufi, na wakishindwa hufuta na kuingiza namba zile zile kwa mpangilio mwingine, kama mtu anayejaribu funguo gizani. Kinachotakiwa ni hatua tatu tu: kuweka pande zote mbili kwenye kipeo cha pili ili alama ya kipeuo iondoke, kuzipindua, na kuitenga L kwa kugawanya. Kwa masafa ya hezi 1,000 na kapasita ya mikrofaradi 1, L inatoka kuwa milihenri 25.3. Na papo hapo hujitokeza tundu jingine, la vipeo vya kumi, kwa maana anayechanganya mikro na mili hupata jibu lililokosea mara elfu moja, naye hana habari, kwa sababu tarakimu anazoziona kwenye kioo cha kikokotoo ni zile zile.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni manung'uniko ya mwalimu anayetaka kila kitu kifanyike kwa mkono. Sivyo. Taaluma ya umeme yenyewe ilijengwa na watu waliokuwa wakikimbia hesabu ngumu na kuzigeuza kuwa aljebra. Gustav Kirchhoff, mwaka 1845, angali mwanafunzi, alitoa sheria zake mbili: kwamba mikondo inayoingia kwenye fundo ni sawa na inayotoka, na kwamba ukizunguka kitanzi kizima na kurudi ulikoanzia, jumla ya volti ni sifuri. Tangu hapo, mtandao wowote wa rezista, hata uwe na matawi mengi kiasi gani, ni fungu la milinganyo ya mstari inayosubiri kufumbuliwa. Oliver Heaviside, Mwingereza aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 16 na kujisomea mwenyewe, alichukua tendo zima la kutafuta derivativu akaliwekea herufi moja, p, kisha akaizidisha na kuigawanya herufi hiyo kana kwamba ni namba ya kawaida; wanahisabati wa wakati wake walimkunjia uso, lakini majibu yalitoka. Mwaka 1893, kwenye mkutano wa kimataifa wa wanaumeme uliofanyika Chicago, Charles Proteus Steinmetz alionyesha jinsi namba changamano, zile zenye kipeuo cha pili cha −1 ndani yake, zinavyoweza kuchukua kazi ambayo mpaka wakati huo wahandisi waliihangaikia kwa michoro na kwa milinganyo yenye kalkulasi ndani yake. Na mwaka 1937, Claude Shannon, katika tasnifu yake ya uzamili kwenye chuo cha MIT, alionyesha kuwa mitandao ya swichi inafuata aljebra ambayo George Boole alikuwa ameitoa katika karne iliyotangulia, na vifaa vyote vya dijiti tunavyovishika leo vinapita kwenye mlango huo.

Tazameni mwelekeo wa watu hao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwongezea mhandisi kalkulasi. Wote walimpunguzia, na badala yake wakamkabidhi aljebra. Mwanafunzi wetu, basi, anakuja na kile ambacho taaluma ilijitahidi kumwondolea, na hana kile ambacho ilimpa badala yake.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye namba changamano, kwa kuwa ndiko kunakopotelea wengi. Tuchukue rezista ya omu 30 iliyounganishwa mfululizo na koili ambayo, kwa masafa ya mkondo geu uliopo, inauzuia mkondo kwa kiasi cha omu 40, na waya wake wenyewe hauna ukinzani wa kutajika. Muulize mwanafunzi kizuizi cha jumla ni kiasi gani. Atasema 70, na kwa mkondo mnyoofu wa rezista tupu angekuwa na haki. Mwambie basi akokotoe mkondo kwa volti 230, naye atapata takribani ampea 3.3. Kisha mpe ampea-mita aiweke kwenye saketi asome mwenyewe, na sindano itasimama karibu na ampea 4.6, kwa sababu kizuizi cha jumla ni omu 50. Nimeona nyuso nyingi mbele ya sindano hiyo. Wengine hubadilisha mita. Wengine hugonga kioo kwa kidole. Lakini mita haikosei: volti za rezista na volti za koili hazifiki kileleni kwa wakati mmoja, zinapishana kwa robo ya mzunguko, kwa hiyo haziwezi kujumlishwa kama viazi kwenye kapu, zinajumlishwa kama pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, 30 na 40, na upande wa tatu ni 50. Mtoto wa sekondari anaijua pembetatu hiyo. Kasoro ni kwamba hajawahi kuambiwa kuwa iko ndani ya waya.

Herufi tunayoitumia kueleza mpishano huo ni j. Wanahisabati hutumia i, ila kwetu i ilikwisha kukaliwa na mkondo, na sielewi kwa nini jambo dogo kama hilo halisemwi siku ya kwanza, maana limewachanganya watu wazima. Kwa mhandisi, j ni amri ya kugeuka: zidisha kwa j, mshale unageuka nyuzi 90, zidisha tena, umegeuka nyuzi 180 na unaelekea kinyume cha ulikoanzia, yaani umezidisha kwa −1. Ndiyo maana j mara j ni −1, na hakuna mwujiza wala kitu cha kubuni ndani yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hiyo ni "namba isiyokuwepo", kisha akaambiwa aitumie kupima mkondo uliopo unaoweza kumuua, ana kila sababu ya kutuona hatuko makini. Aliyeiona kama mgeuko huandika 30 + j40, hupata urefu wa 50 na pembe ya nyuzi 53, na kutoka kwenye pembe hiyo hiyo anajua kwamba kati ya voltiampea 1,058 zinazochukuliwa kwenye chanzo, ni wati 635 tu, au tuseme asilimia 60, zinazogeuka kuwa joto kwenye rezista, na sehemu iliyobaki inakwenda na kurudi kati ya chanzo na koili bila kufanya kazi yoyote, huku ikiupasha waya joto njiani.

Sasa tazameni ratiba. Katika mipango ya masomo niliyowahi kufundishia, mkondo geu huanza mara tu sheria za Kirchhoff zinapokwisha, wakati somo la hisabati liko bado kwenye mipaka ya vitendakazi na kanuni za kutafuta derivativu, na namba changamano zimepangwa mwishoni mwa muhula au zimeachwa kabisa kwa imani kuwa zilikwisha kusomwa sekondari. Matokeo yake ni kwamba mimi, mwalimu wa saketi, nazifundisha kwa mhadhara mmoja wa dakika 50, haraka haraka, kama mtu anayefungasha mizigo gari likiwa linanguruma. Idara ya hisabati ikija kuzifikia baadaye, inazifundisha vizuri, kwa wanafunzi ambao wamekwisha kushindwa mtihani uliozihitaji. Jambo hili halihitaji fedha wala walimu wapya kulirekebisha. Namba changamano hazidai kalkulasi. Zinadai aljebra na trigonometria ya kawaida, na kwa hiyo hakuna kinachozuia zisogezwe hadi wiki tatu za mwanzo.

Trigonometria nayo ina tundu lake, dogo kwa kutajwa lakini lenye hasara kubwa, nalo ni radiani. Wimbi la hezi 50 tunaliandika kama sine ya 314t, na hiyo 314 ni 2π mara 50, kwa radiani. Weka t kuwa sekunde 0.005, ambayo ni robo ya mzunguko, na sine inatakiwa iwe 1, kilele chenyewe. Kikokotoo kilichoachwa kwenye nyuzi kitasema 0.027. Niliwahi kupokea ripoti ya maabara kutoka kwa wanafunzi wanne wa meza moja ambao walikokotoa wimbi zima namna hiyo, wakachora mstari uliopanda polepole kutoka sifuri hadi 0.11 tu, wakaulinganisha na wimbi lililokuwa likicheza mbele yao kwenye oskiloskopu, na katika sehemu ya hitimisho wakaandika kwa Kiswahili fasaha kwamba chombo kinahitaji matengenezo. Nilicheka, kisha sikucheka tena, kwa sababu kati ya wanne hakuna aliyesita. Walikuwa wamekariri kuwa π ni nyuzi 180, lakini hawakuwa wamewahi kuonyeshwa kwamba radiani ni urefu wa tao ukilinganishwa na nusu kipenyo, wala kwa nini derivativu ya sine huwa kosine tupu pale tu pembe inapopimwa kwa radiani.

Sisemi kalkulasi iondolewe. Ningesema hivyo ningekuwa mwongo, kwani mkondo wa kapasita ni C mara kasi ya kubadilika kwa volti, na volti za koili ni L mara kasi ya kubadilika kwa mkondo, na bila wazo la kasi ya mabadiliko hakuna umeme wa kufundisha. Ninachosema ni kwamba wazo hilo ndilo linalohitajika mapema, si orodha ndefu ya mbinu za intigrali. Maabara yangu huanza na betri ya volti 9, rezista ya kiloomu 100 na kapasita ya mikrofaradi 100. Zidisha hizo mbili za mwisho, unapata sekunde 10. Mwanafunzi mmoja anashika saa, mwingine anasoma voltimita: kwenye sekunde ya 10 volti za kapasita ziko karibu na 5.7, kwenye ya 20 ziko karibu na 7.8, kwenye ya 30 ni kama 8.6. Nawauliza kwa nini inapunguza mwendo. Huwa yupo mmoja, mara nyingi si yule mwenye alama za juu, anayesema kwamba kadiri kapasita inavyojaa ndivyo betri inavyobakiwa na nguvu ndogo ya kusukuma. Huo ndio mlinganyo wenyewe: kasi ya kujaa inalingana na kiasi kilichobaki. Kipeo cha e kinazaliwa hapo, mbele ya macho yao, na asilimia 63 inayopatikana baada ya kila sekunde 10 za pengo lililobaki haihitaji kukaririwa tena. Mlinganyo mmoja wa namna hiyo, ukieleweka, unamtosha mwanafunzi muhula mzima wa kwanza. Mbinu nyingine zote zinaweza kungoja mwaka wa pili, na hata huko zitamjia kupitia badiliko la Laplace, mbinu ya kufumbulia milinganyo ya namna hiyo, ambako, kwa mara nyingine, kalkulasi hugeuzwa aljebra na kinachobaki ni kugawanya sehemu zenye herufi.

Kuhusu logi nitasema kidogo. Majedwali ya logi yalipoachwa kwa sababu ya vikokotoo, wengi walidhani logi zenyewe zimekwisha kazi, na zimekuwa zikisomwa kwa kukimbizwa tangu hapo. Kwetu desibeli, kipimo cha uwiano wa nguvu kinachotumia logi, ni lugha ya kila siku. Logi ya 2 ni 0.301, kwa hiyo nguvu ikiwa maradufu imeongezeka kwa desibeli 3, na kipaza nguvu cha desibeli 20 kikifuatwa na kebo inayopoteza 3 kinaacha 17, hesabu ya kutoa ambayo mtu anaifanya akiwa juu ya mnara bila karatasi. Wiki moja inatosha.

Najua hoja mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba siku hizi kompyuta inafanya yote. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1973, programu ya SPICE ilipotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, saketi zinaweza kukokotolewa bila mtu kushika kalamu, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini programu hiyo inachofanya ndani yake ni kuandika sheria za Kirchhoff kama milinganyo na kuifumbua, na inaifumbua kwa uaminifu ule ule hata pale uliyeichapa ulipoweka mili badala ya mikro. Haimwambii mtu kuwa jibu lake ni la ajabu. Anayepaswa kujiambia hivyo ni mwanafunzi, na yule aliyeipigia mistari miwili omu 4.5 hana cha kujiambia nacho.

Hoja ya pili ndiyo inayosikika zaidi vikaoni, kwamba dawa ni kupandisha alama za kujiunga. Nimekaa kwenye vikao hivyo na nimeiona dawa hiyo ikitolewa. Alama inaeleza mwanafunzi alipata kiasi gani; haielezi alipata wapi. Mtihani wa kuhitimu sekondari una mada nyingi, na mwanafunzi anaweza kufaulu vizuri sana kwa takwimu, uwezekano na jometri ya duara, akiwa ameziruka kwa makusudi radiani na milinganyo ya herufi, na cheti chake hakitasema. Ukipandisha kizingiti, utapata wachache zaidi wenye matundu yale yale, na utakuwa umewafungia nje baadhi ya wale ambao wangeziba matundu yao kwa wiki sita za mazoezi. Kuifanya hisabati kuwa chekeche ni rahisi kuliko kuifundisha, na nadhani ndiyo sababu chekeche linapendwa.

Naomba, kwa hiyo, wakuu wa vitivo muandike ukurasa mmoja, hadharani, unaomweleza mwombaji ni hisabati ipi hasa atakayoihitaji siku ya kwanza ya somo la saketi. Usiwe na maneno kama "msingi imara wa hisabati", ambayo hayamsaidii mtu, bali uwe na maswali: itenge R ya pili kutoka kwenye kanuni ya rezista sambamba, fumbua milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili ambavyo si x wala y, taja sine ya 5π/6 bila kikokotoo, badilisha mikrofaradi 47 ziwe faradi, jumlisha na zidisha 3 + j4 na 1 − j2, kisha chora mishale yake, eleza kwa maneno, bila alama yoyote, mteremko wa grafu unamaanisha nini. Kijana aliyeko kijijini bila mwalimu wa kumwongoza akiupata ukurasa huo miezi sita kabla ya kufungua chuo, atajua afanye mazoezi ya nini, na mwalimu wake wa sekondari pia atajua. Leo hii wote wawili wanabahatisha.

Naomba pia jaribio la saa moja katika wiki ya kwanza, lenye maswali ya namna hiyo hiyo, lisiloingia kwenye matokeo na lisilomfukuza mtu. Lengo lake liwe kuwaonyesha wenye matundu yalipo matundu yao, na wapewe vipindi vya mazoezi jioni, kwa wiki sita, sambamba na masomo mengine. Nasisitiza mazoezi, si mihadhara ya marudio. Wanafunzi hawa walikwisha kusikia maelezo. Wanachokosa ni mkono uliozoea, na mkono hauzoeshwi kwa kusikiliza.

Kwa wakuu wa idara za hisabati, ombi ni lile la ratiba nililokwisha kulieleza, pamoja na jingine dogo: mitihani yenu iwe na herufi zaidi ya x. Muulize kasi ya kubadilika kwa v kufuatana na t. Muwape wanafunzi V, R, C na omega wazishughulikie bila namba hata moja. Hisabati haitaharibika, na wanafunzi wa fani nyingine hawatapungukiwa kitu. Na watunga mitaala ya sekondari, mnapofikiria kuongeza mada mpya ya kalkulasi ili mtaala uonekane wa kisasa, nawasihi muzitumie wiki hizo kurudia sehemu zikiwa na herufi, vipeo na vipeuo, logi, na pembe kwa radiani. Najua kurudia hakuna sifa. Lakini mwalimu wa chuo anaweza kumfundisha mwanafunzi kalkulasi kutoka mwanzo kwa muhula mmoja, na nimeona ikifanyika. Kumfundisha aljebra aliyoikosea kwa miaka minane ni kazi ndefu zaidi, kwa sababu kwanza inabidi aache anachokijua.

Nisiwatupie ninyi lawama yote. Sisi walimu wa saketi tunaruka hatua ubaoni. Tunasema "ni dhahiri kwamba" mahali ambapo kuna mistari minne ya aljebra, tunafuta ubao kabla ya nyuma hawajanakili, na anayeuliza tunamjibu kwa sauti inayomfanya asiulize tena. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka yangu ya mwanzo, na nadhani baadhi ya waliokata tamaa katika madarasa yale walikata tamaa kwa sababu yangu zaidi kuliko kwa sababu ya namba changamano. Siku hizi naziandika hatua zote, na kipindi kinaisha nikiwa nimefundisha mifano miwili badala ya mitano. Sijaona hasara yake.

Rasimu ya ukurasa ninaouomba nimekwisha kuiandaa, ikiwa na maswali 20 na majibu yake, na nitampa yeyote kati yenu atakayeihitaji. Mwaweza kuikata, kuiongeza, hata kuiandika upya kabisa. Ila naomba swali la kwanza libaki kama lilivyo: rezista mbili sambamba, moja ya omu 6 na nyingine ya omu 3, na chini yake nafasi ya mistari miwili ambapo mwanafunzi ataeleza amejuaje kuwa jibu lake linawezekana.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa saketi, mwaka wa kwanza